Kusoma, Kukariri, Dondoo, Slaidi au Bango Kitita: Ulinganisho kwa Anayejiandaa Kuwasilisha Mada

Ndani ya robo moja ya mwaka, afisa ugani wa mifugo anaweza kuitwa kuzungumzia chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, mahali patatu: katika kikao cha madiwani wanaopitia bajeti ya halmashauri, katika mkutano wa wafugaji chini ya mwembe wa kijiji, na katika kongamano la watafiti ambako kila mtoa mada amepewa dakika 15 na mwenyekiti ameshika saa. Ugonjwa ni uleule, chanjo ni ileile na mzungumzaji ni yuleyule. Hata hivyo, wasilisho lililowafaa watafiti likipelekwa kijijini kama lilivyo, wafugaji watapiga makofi kwa heshima, watarudi nyumbani, na kuku wao wataendelea kufa. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na baadaye nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kuandaa mada zao. Kwa hiyo natumia mfano huu wa kideri mwanzo hadi mwisho, ili ulinganisho uwe na kitu cha kushikika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni idadi ya slaidi. Ningependa lisubiri. Kwanza andika kwenye karatasi sentensi moja inayosema msikilizaji atafanya nini akishatoka mlangoni, halafu njia ya kuwasilisha ichaguliwe kwa kuifuata sentensi hiyo. Kwa madiwani, sentensi ni kwamba watenge fedha za kununua chanjo kwa mizunguko minne ya mwaka. Kwa wafugaji, ni kwamba kila baada ya miezi 3 kila kuku adondoshewe tone moja kwenye jicho moja. Kwa watafiti, ni kwamba wayapime matokeo pamoja na njia iliyotumika kuyapata, waseme wanakubali wapi na wanakataa wapi. La kwanza linataka idhini, la pili linataka mikono iliyozoea, la tatu linataka ushahidi unaoonekana. Na sijakuta chombo kinachotimiza yote matatu kwa kiwango kimoja.

Andiko la kusoma na dondoo za mkononi

Kusoma andiko zima neno kwa neno kunadharauliwa kuliko inavyostahili. Yako mazingira ambamo ndiyo njia pekee ya uungwana, nayo ni yale ambamo maneno yenyewe yana nguvu ya kufunga: taarifa ya mkaguzi, tamko la pamoja, maazimio ya mkutano, hesabu za chama cha ushirika. Waziri wa Fedha anapowasilisha bajeti ya Serikali bungeni Dodoma kila Juni, tunasema bajeti imesomwa, na kitenzi hicho ni sahihi kabisa, kwa kuwa kila tarakimu anayoitamka inaingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge na hakuna nafasi ya kusema "kama bilioni tano hivi". Ukiwa na jambo la aina hiyo, soma, wala usione haya.

Gharama yake ni kwamba macho yako yako kwenye karatasi, sauti inakwenda kwa mwendo mmoja, na sentensi ulizoziandika kwa ajili ya jicho zinamchosha anayezipokea kwa sikio. Kiswahili kinaongeza ugumu mwingine ambao vitabu vya ughaibuni havitutahadharishi. Neno kama "hawakuyashughulikia" ni neno moja kwenye ukurasa, lakini mdomoni ni silabi tisa zenye mtendaji, wakati na yanayotendewa, zote ndani yake. Kwa sababu hiyo, hesabu za maneno kwa dakika zilizopigwa kwa kutumia Kiingereza zitakudanganya. Mimi nikisoma kwa utulivu, ukurasa wa A4 wenye maneno 300 hunichukua dakika 3 hivi. Wewe pima wako kwa kusoma kwa sauti huku saa ikienda, kisha ndipo ujue kama kurasa zako nane zinaingia katika dakika 15 au zinahitaji kupunguzwa. Andiko hilo lichapwe kwa herufi kubwa, nukta 16 au zaidi, mistari iachane, sentensi isikatike mwisho wa ukurasa, na kurasa ziandikwe namba lakini zisibanwe kwa pini, ili usogeze karatasi pembeni taratibu badala ya kuipindua mbele ya kipaza sauti.

Dondoo ni kinyume chake karibu katika kila kipengele. Kadi ndogo tatu au nne zenye maneno machache zinakuachia macho ya kuwatazama watu, na macho hayo ndiyo yanayokuambia kwamba safu ya nyuma haijakusikia au kwamba mzee wa mbele amekunja uso aliposikia gharama. Katika kadi hizo naandika kwa ukamilifu vitu vitatu tu: sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na takwimu na majina ambayo nikiyakosea nitaharibu imani. Mengine yote ni neno mojamoja la kunikumbusha.

Anayetaka kujua dondoo nzuri inafananaje amsikilize Mwalimu Nyerere mbele ya wazee wa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Jambo lilikuwa zito na lenye historia ndefu, lakini sikio lilipewa vigingi vitatu vya kufungia kamba: uwezo, sababu na nia. Watu waliozaliwa miaka 20 baadaye wanavikumbuka. Kwa wafugaji wa kuku nami natafuta vigingi vitatu vya namna hiyo, na kwa kideri nimekaa na hivi: jicho, tone, miezi mitatu. Mtu akisahau kila nilichosema kuhusu virusi, akabaki na hivyo, kuku wake wana nafuu.

Udhaifu wa dondoo ni muda. Asiyeandika hajui amesema kiasi gani, na dakika 15 zinageuka 25 bila yeye kuhisi. Dawa yake ni kufanya mazoezi kwa sauti, umesimama, si chini ya mara tatu, na mara moja kati ya hizo mbele ya mtu asiyeijua mada. Wapo wanaodhani kwamba kusema bila karatasi ni kipaji cha kubuni papo kwa papo. Martin Luther King, alipohutubia Washington tarehe 28 Agosti 1963 mbele ya watu wapatao 250,000, aliliacha andiko lake na kuingia katika maneno ya "Nina ndoto" yanayonukuliwa hadi leo. Lakini ndoto hiyo alikwisha kuizungumza katika hotuba zilizotangulia, na ulimi wake ulikuwa unaijua njia. Uhuru wa mzungumzaji unakwenda hadi pale mazoezi yake yalipofika.

Kukariri hotuba nzima sikushauri, na sitakaa nako sana. Winston Churchill, akiwa mbunge kijana, tarehe 22 Aprili 1904 alipotelewa na maneno aliyoyakariri katikati ya hotuba bungeni London, akaketi bila kumaliza. Tangu hapo aliingia na maandishi kamili mkononi. Kariri sentensi mbili za mwanzo, kwa sababu ndizo unazozisema mapigo ya moyo yakiwa juu kabisa, na sentensi ya mwisho, ili ujue unakokwenda.

Slaidi, bango kitita, au kuku mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapochagua kwa mazoea. Slaidi zimekuwa sare ya wasilisho la kisasa, kiasi kwamba asiyekuwa nazo huonekana hakujiandaa, na ningeomba tuliache wazo hilo kabisa. Slaidi ni chombo bora kwa kitu kinachohitaji jicho na ambacho maneno hayakiwezi: ramani ya kata zilizopata mlipuko, grafu ya vifo kabla na baada ya chanjo, picha ya kuku aliyepinda shingo kwa ugonjwa. Katika ukumbi wa watu 100 wenye mapazia na umeme wa uhakika, hakuna kinachoipita picha moja kubwa iliyo wazi. Kwa watafiti wale wa dakika 15, naiona kuwa chaguo la kwanza, kwa sababu wao wamekuja kupima grafu, na grafu haisimuliki.

Kwa aya na hoja zenye masharti, slaidi ni chombo dhaifu, na udhaifu huo umewahi kuwa sehemu ya jambo zito sana. Chombo cha anga cha Columbia kilipokuwa angani Januari 2003, wahandisi waliandaa slaidi kuhusu kipande cha povu kilichopiga bawa la kushoto wakati wa kuruka. Taarifa ya hatari ilikuwamo, ila ilikuwa chini, ndani ya vidokezo vilivyojificha chini ya vidokezo vingine, huku kichwa cha slaidi kikiacha picha ya matumaini. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirejea duniani, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Bodi iliyochunguza ajali iliitaja slaidi hiyo, ikaeleza kwamba kiongozi angeweza kuisoma asitambue kuwa inahusu uhai wa watu. Sisemi kwamba slaidi ndiyo iliyoua. Sababu zilikuwa nyingi. Nasema kwamba jambo kuu likiwa katika mstari wa sita kwa herufi ndogo, halijasemwa. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili yenye hoja, kwa mfano "Kuku waliochanjwa walinusurika mlipuko wa Septemba", kisiwe neno tupu kama "Matokeo", na chini yake kiwepo kitu kimoja cha kukithibitisha.

Jambo la pili ni mazingira. Niliwahi kuwasilisha mbele ya madiwani katika ukumbi uliokuwa na madirisha makubwa pande mbili na hauna mapazia, saa tano asubuhi, kwa projekta iliyokuwa imechoka. Grafu yangu ilikuwa na mistari mitatu: wa njano, wa kijani hafifu na wa kijivu. Nilipokuwa nikiieleza kwa bidii, diwani mmoja wa makamo aliinua mkono akasema kwa upole, "Bwana mtaalamu, hiyo mistari inapanda au inashuka? Mimi hapa naona kitambaa cheupe tu." Wenzake wote walikuwa wanaona kitambaa cheupe. Walikuwa wamekaa kimya kwa heshima yangu kwa dakika saba, na nilichokuwa nikiwaomba kilikuwa fedha. Kwa kikao cha namna hiyo sasa naandaa ukurasa mmoja uliochapwa, wenye gharama upande mmoja na hasara ya kutochanja upande wa pili, nagawa kabla ya kuanza, na nazungumza kwa dondoo nikiwaelekeza kwenye mstari husika. Diwani anabaki na karatasi mbele yake wakati wa kupiga kura, jambo ambalo slaidi iliyozimwa haiwezi kumfanyia.

Anayeamua kutumia slaidi aende ukumbini mapema akazijaribu kwenye projekta ileile, abebe nakala ya PDF kwenye kifaa kingine, asiweke herufi zilizo chini ya nukta 28, na achague nyeusi juu ya nyeupe pale mwanga unapokuwa mwingi. Katika PowerPoint, kubonyeza herufi B wakati wa kuonyesha kunafanya skrini iwe nyeusi, na macho yote yanarudi kwako. Naitumia kila ninapofika mahali pa kujibu swali.

Bango kitita ni karatasi kubwa, kalamu ya wino mzito na stendi ya miguu mitatu, au hata ukuta na gundi ya karatasi. Umeme ukikatika halijali. Herufi zenye urefu wa sentimita 4 au 5 zinasomeka na watu 30 waliokaa nusu duara, na zaidi ya 40 linaanza kushindwa. Nguvu yake kubwa iko katika kuandikwa mbele ya watu. Ukiuliza wafugaji "Mwaka jana ulipoteza kuku wangapi?" na kuandika kila jibu kama lilivyotajwa, mkifika jina la kumi karatasi inakuwa na hesabu ya kijiji hicho, kwa maneno ya kijiji hicho, na hapahitajiki takwimu za kutoka kwingine. Slaidi huja ikiwa imekwisha kuamuliwa mezani kwa mtu. Bango kitita linaacha nafasi ya mshiriki kuwamo. Kasoro zake ni kwamba unapoandika unawapa watu mgongo, mwandiko mbaya unaliua, na halifai kwa grafu yenye tarakimu nyingi. Jizoeze kuandika umesimama kwa ubavu, na kunyamaza wakati unaandika.

Kisha kuna onyesho la vitendo, ambalo kwa sentensi inayotaka mikono halina mpinzani. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, Kibaha, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani na hutiwa kwa tone. Kueleza hivyo ni sekunde kumi. Kuonyesha ni dakika nne, na dakika nne hizo ndizo mada yenyewe. Naomba kuku kutoka kwa mmoja wa wenyeji, namlaza ubavu, nashika kichwa kwa vidole viwili, naweka chupa wima juu ya jicho bila kuligusa, tone linadondoka, nasubiri kuku apepese jicho, namwachia. Siku moja mama mmoja aliyekuwa na kifaranga kwenye kanga aliuliza, "Bwana mifugo, na huyu wa juzi naye anapewa tone zima?" Nikamjibu, "Tone zima, mama, sawa na jogoo," naye akaja mbele akalidondosha mwenyewe huku majirani wakimtazama vidole. Swali hilo la kipimo cha kifaranga sikuwahi kuulizwa hata mara moja nilipoonyesha picha za jicho la kuku kwenye slaidi, ingawa kila mfugaji analihitaji jibu lake. Onyesho lina masharti yake: watu wote waone, kwa hiyo zaidi ya 25 wagawanywe makundi, na kila kifaa kijaribiwe kabla, kwa maana chupa iliyoziba mbele ya kijiji inaondoa imani kwa chanjo yenyewe.

Wakati mwingine wasomewe, wakati mwingine wasome

Ipo njia ambayo hatuifikirii sana: kutowasilisha kwa mdomo kabisa hadi watu wawe wamesoma. Katika kampuni ya Amazon, tangu 2004, viongozi waliacha slaidi katika vikao vya juu wakaweka andiko la kurasa zisizozidi 6, ambalo washiriki hulisoma kimya mwanzoni mwa kikao kabla ya kujadili. Kwa kamati ya watu 8 inayotakiwa kuamua jambo tata, naiona bora kuliko slaidi na dondoo zote mbili, mradi wote wanasoma kwa urahisi lugha iliyotumika. Kwa mkutano mkuu wa kijiji, ambamo wapo wasiosoma, njia hiyo inawatenga watu wenye haki sawa ya kuamua.

Muda, itifaki na maswali

Lolote utakalochagua, lihesabie itifaki. Kwetu mtu hawezi kusimama akaanza mada kabla hajamtambua mwenyekiti, viongozi wa Serikali, viongozi wa dini na wazee, na sioni ubaya wake, kwa kuwa salamu ndiyo inayofungua masikio. Ubaya ni pale dakika 4 kati ya 15 zinapokwenda kwa majina yaliyokwisha kutajwa na watatu waliotangulia. Ukiwa wa kwanza, taja kwa ukamilifu. Ukiwa wa nne, mtambue mwenyekiti kwa cheo, sema itifaki imezingatiwa, ingia kwenye jambo. Andiko la kusomwa lina faida hapa, maana itifaki iliyoandikwa haisahau mtu. Dondoo nazo zinaruhusu kumtaja aliyeingia ukiwa umekwisha kusimama.

Kwenye maswali mpangilio hugeuka. Aliyekuwa akisoma huonekana mtu mwingine anapoachana na karatasi, na tofauti hiyo wasikilizaji huiona. Aliyezungumza kwa dondoo anaendelea tu. Kwa hiyo anayelazimika kusoma aandae majibu ya maswali matano yenye uwezekano mkubwa, kwa dondoo, ili sauti yake ya kawaida isikike walau hapo.

Msomaji anayetaka uamuzi wa haraka auchukue hivi. Maneno yakiwa yanafunga kisheria au kifedha, soma, ukiwa umegawa nakala. Ukitaka kuwashawishi watu chini ya 40, tumia dondoo na bango kitita, hata kama projekta ipo. Ukitaka wafanye kitu kwa mikono, lete kitu chenyewe. Ushahidi ukiwa ni picha, ramani au grafu na ukumbi una giza la kutosha, tumia slaidi, chache, zenye hoja katika vichwa vyake. Na kwa dakika 15 za kongamano mgawanyo wangu ni huu: dakika 1 ya itifaki na sentensi ya kwanza niliyoikariri, 3 za tatizo bila slaidi yoyote, 7 za grafu mbili na ramani moja, 2 za udhaifu wa utafiti nikiwa nimezima skrini kwa B, na 2 za akiba, kwa sababu aliyenitangulia huwa amezidisha muda na mwenyekiti hunitazama mimi.